Samurai Saba (1954): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Angalizo: majibu ya 6 hadi 10 yanataja nani anakufa na filamu inavyoisha. Kama hujaitazama, anza na swali la 1 hadi la 5, kisha uruke hadi la 19.

## Mambo ya msingi

1. Hii ni filamu gani hasa?

Ni filamu ya Kijapani. Jina lake la asili ni Shichinin no samurai, duniani inajulikana zaidi kama Seven Samurai, na hapa tunaiita Samurai Saba. Iliongozwa na Akira Kurosawa kwa studio ya Toho, ikaanza kuonyeshwa Japani tarehe 26 Aprili 1954. Haina rangi, na urefu wake ni dakika 207.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Wakulima wanapata habari kwamba majambazi arobaini wa farasi watarudi shayiri ikishaiva. Wanakwenda mjini kutafuta samurai wa kuwalinda, na malipo waliyo nayo ni chakula tu. Saba wanakubali. Yanayobaki ni maandalizi na mapigano.

2. Mbona ndefu hivyo?

Kwa sababu ni filamu ya hesabu, na hesabu haiendi kwa papara. Mtazamaji anahesabiwa kila kitu: samurai wangapi wamepatikana, mchele umebaki kiasi gani, kijiji kina njia ngapi za kuingilia, majambazi wangapi wamekufa na wangapi bado. Takriban theluthi ya kwanza ni kutafuta watu, ya pili ni kujenga ulinzi, ya tatu ni vita. Anayerusha mbele ili afike kwenye vita ataona farasi na matope, lakini hatajua kwa nini mkulima mmoja kuondoka kwenye nafasi yake ni janga.

Katikati kuna mapumziko yaliyowekwa na Kurosawa mwenyewe. Usidhani diski imegoma.

3. Mwaka 1954 Japani walikuwa hawana filamu za rangi?

Walikuwa nazo. Filamu ndefu ya kwanza ya rangi nchini humo ilitoka 1951. Lakini rangi ilikuwa ghali na ilidai mwanga mwingi mno, wakati Samurai Saba ilipigwa msituni, gizani na kwenye mvua, tena kwa lenzi ndefu ambazo nazo zinahitaji mwanga (tazama swali la 13). Kurosawa hakutumia rangi kwa filamu nzima hadi 1970.

4. Waigizaji ni akina nani?

Takashi Shimura ni Kambei, kiongozi. Toshiro Mifune ni Kikuchiyo, yule mwenye fujo. Seiji Miyaguchi ni Kyuzo, bingwa wa upanga asiyesema. Yoshio Inaba ni Gorobei, Daisuke Kato ni Shichiroji, Minoru Chiaki ni Heihachi na Isao Kimura ni kijana Katsushiro. Upande wa wakulima waangalie Yoshio Tsuchiya kama Rikichi mwenye hasira, na Bokuzen Hidari kama Yohei, ambaye uso wake peke yake unatosha kukueleza habari za njaa.

Ukihisi umemwona Shimura mahali pengine, huenda ni kwenye Godzilla. Ni ya studio hiyohiyo, mwaka huohuo.

5. Ni kisa cha kweli?

Wahusika ni wa kubuni. Mazingira ni ya zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe Japani, mwishoni mwa karne ya 16.

Skripti iliandikwa na Kurosawa, Shinobu Hashimoto na Hideo Oguni. Wazo la kwanza lilikuwa siku moja ya samurai mmoja, tangu anaamka hadi anajiua kwa kosa fulani. Lilikwama kwenye jambo dogo: hawakupata uhakika kama samurai wa wakati ule alikula mchana, na kama alikula, alibeba chakula au alipewa. Bila hilo hawakuweza kuandika siku nzima, wakaliacha. Baadaye katika utafiti wakakuta kwamba vijiji vya zama zile viliwahi kuwapa samurai chakula na malazi ili wavilinde. Hapo filamu ikapatikana. Inafurahisha kwamba wazo la kwanza lilikufa kwa sababu ya chakula na la mwisho likazaliwa na chakula.

## Hadithi na wahusika

6. Staringi ni nani, Kambei au Kikuchiyo?

Ukimaanisha anayeongoza, ni Kambei. Ukimaanisha anayebeba moyo wa filamu, ni Kikuchiyo, na huyo hakuwemo kwenye mpango wa mwanzo. Waandishi walikuwa na samurai watu wazima na makini, wakaona kundi la namna hiyo litachosha, ndipo wakamwongeza mmoja asiye na adabu wala nidhamu. Mifune, aliyekuwa amepangiwa nafasi ya Kyuzo, akapewa hiyo.

Kikuchiyo si samurai. Ni mtoto wa mkulima anayejitia usamurai. Anakuja na hati ya ukoo kuthibitisha nasaba yake, wenzake wanaisoma, wanaangua kicheko: mwenye jina lile anapaswa kuwa na umri wa miaka 13. Ndiyo maana kwenye bendera ya kundi kuna viduara sita na pembetatu moja. Pembetatu ni yeye. Herufi iliyo chini yake inasomeka «ta», yaani shamba, nayo inasimama kwa wakulima.

Na kwa waliozoea kwamba staringi hafi: hapa anakufa.

7. Kwa nini samurai wanakubali kupigana kwa ajili ya wali?

Ni ronin, samurai wasio na bwana, kwa hiyo wana njaa kama wakulima wenyewe. Lakini jibu kamili limo kwenye bakuli moja.

Kwenye nyumba ya wageni Kambei ameshaikataa kazi. Kibarua mmoja mlevi, ambaye muda wote amekuwa akiwacheka wakulima, anachukua bakuli la wali mweupe na kumsogezea Kambei usoni. Anamwambia mtakachokula ninyi ndicho hiki, na hawa wenyewe wanakula uwele. Kambei anaupokea wali na kusema hatakipoteza chakula hiki. Hakuna hotuba, na muziki haumsukumi mtazamaji alie. Filamu inatuonyesha pia Yohei, baada ya mchele wake kuibwa, akiokota punje zilizodondoka sakafuni moja baada ya nyingine. Ukiyaweka pamoja, unajua bei ya lile bakuli kwa punje.

Filamu haiwafanyi wakulima kuwa malaika, hata hivyo. Baadaye inagundulika wamewahi kuua samurai walioshindwa vitani na kuficha deraya zao. Samurai wanakasirika, na Kikuchiyo anawageukia: ndiyo, wakulima ni wachoyo, waongo na wauaji, lakini nani aliwafanya hivyo kama si ninyi? Ukitazama onyesho moja tu la filamu hii, tazama hilo.

8. Kambei alipangaje ulinzi wa kijiji?

Anazunguka kijiji na ramani mkononi, kisha anaziba upande mmoja baada ya mwingine. Upande mmoja unajengewa uzio. Mashamba yanavunwa mapema na kujazwa maji ili farasi wasipite. Daraja linabomolewa, na hapo kuna gharama: nyumba tatu na kinu vilivyo ng'ambo ya mto vinaachwa nje. Wenye nyumba hizo wanataka kujitoa na kwenda kulinda vya kwao. Kambei anachomoa upanga na kuwarudisha kwenye mstari, kwa sababu huwezi kulinda nyumba tatu ukapoteza kijiji.

Njia ya msituni inaachwa wazi kwa makusudi. Jambazi mmoja au wawili wanaruhusiwa kuingia, mikuki ya mianzi inafunga njia nyuma yao, walioingia wanamalizwa. Kambei ana karatasi yenye viduara, kimoja kwa kila jambazi, naye anavifuta kadiri wanavyokufa. Asubuhi ya mwisho wamebaki 13, na hao wote wanaachwa waingie kwa pamoja.

Mpango unaharibikia pale mtu anapoacha nafasi yake. Kikuchiyo anakwenda peke yake kuiba bunduki ya majambazi na anafanikiwa, lakini upande aliouacha unavamiwa na watu wanakufa. Badala ya sifa, anakaripiwa.

9. Kwa nini samurai wote wanaokufa wanauawa kwa risasi?

Wanakufa wanne: Heihachi, Gorobei, Kyuzo na Kikuchiyo. Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Majambazi wana bunduki tatu tu, na hizo ndizo zinazofanya kazi yote.

Bunduki ziliingia Japani 1543 kupitia Wareno, walewale ambao karne hiyohiyo walikuwa wakijenga Fort Jesus, Mombasa. Kyuzo alitumia maisha yake kujifunza upanga, akaangushwa na mtu aliyejificha ndani ya nyumba akiwa na bunduki.

10. Mwisho una maana gani? Si wameshinda?

Majambazi wameisha. Wakulima wanapanda mpunga kwa nyimbo na ngoma, na samurai watatu waliobaki wamesimama chini ya makaburi manne. Kambei anasema wameshindwa tena. Walioshinda ni wakulima. Ukirudi kwenye swali la 7 utaona si fumbo. Waliajiriwa kwa chakula cha msimu mmoja, na msimu umeisha.

## Ilivyotengenezwa

11. Ilichukua muda gani kupigwa?

Siku 148 za kupiga, kuanzia Mei 1953 hadi mapema 1954. Bajeti ilipitilizwa vibaya na studio ikasimamisha kazi zaidi ya mara moja. Kurosawa alisimulia kwamba nyakati hizo alikwenda kuvua samaki, akijua Toho wameshamwaga fedha nyingi mno hawawezi kuiacha.

Kijiji unachokiona si kimoja. Seti kuu ilijengwa Tagata kwenye rasi ya Izu, na vipande vingine vikapigwa sehemu tofauti. Kurosawa aliandaa pia daftari la wakazi wote 101 wa kijiji, familia 23, ili kila mwigizaji, hata asiye na neno la kusema, ajue yeye ni mtoto au mke wa nani. Ndiyo maana kundi linapokimbia halikimbii kama watu waliokodiwa.

12. Kamera nyingi kwa pamoja zilitumikaje?

Hapa ndipo Kurosawa alipoanza utaratibu aliouendeleza maisha yake yote. Nyumba inayoungua haiungui mara mbili, na farasi hawaanguki mara ya pili palepale. Kwa hiyo alipiga tukio zima bila kukatiza kwa kamera tatu. Mwenyewe alizieleza hivi: A ilikaa pa kawaida, B ilitafuta picha za haraka na za kuamua, na C ilikuwa kama mpiganaji wa msituni, inaokota chochote kutoka popote.

Faida yake inaonekana kwenye mkato. Mtu akianguka kwenye picha ya A, mkato ukaenda B, ni anguko lilelile. Mguu uko palepale na tope limeruka upande uleule.

13. Kwa nini farasi wanaonekana kama wanamkanyaga mtu?

Ni kazi ya lenzi ndefu. Kamera tatu zikikaa karibu zitaonana zenyewe, hivyo zinasogezwa mbali na picha inavutwa kwa lenzi. Ukipiga kutoka mbali, mtu na farasi aliye mita kumi nyuma yake wanaonekana wamegandana, kwa sababu tofauti ya umbali wao kutoka kwenye kamera ni ndogo. Faida nyingine ni ya mwigizaji: hana kamera puani, anasahau kuwa anapigwa.

14. Na ule mwendo wa taratibu mtu anapokufa?

Tazama mwizi aliyemteka mtoto, mwanzoni kabisa. Kambei amenyoa nywele na kuvaa kama mtawa, ameingia bandani na matonge ya wali. Sisi tunabaki nje. Mwizi anatoka mbio, kisha mwendo unapungua, anasimama kwa ncha za vidole na kuanguka. Watu wanaotazama wanabaki kwenye mwendo wa kawaida. Kifo ni kirefu kwa anayekufa tu.

Ni sekunde chache mno, na ndizo zilizozaa vifo vya polepole vya Hollywood miaka ya 1960 mwishoni, hasa kwa waongozaji Arthur Penn na Sam Peckinpah. Tofauti ni kwamba Kurosawa anautumia kwa kubana, wengi waliomfuata wakaufanya kiungo cha kila mlo.

15. Mvua ya mwisho ni ya kweli?

Ni ya mashine. Pambano lilipigwa Februari, baridi ikikaribia kugandisha maji. Mifune yuko karibu uchi chini ya deraya, miguu wazi. Ule mtetemeko hauhitaji uigizaji mwingi.

## Athari zake

16. Waliofuata waliiga nini hasa?

Mambo mawili zaidi ya yote. La kwanza ni kumtambulisha shujaa kwa kisa kidogo kisichohusiana na hadithi kuu, kama lile la mwizi (swali la 14). La pili ni kukusanya kikosi: kiongozi anatafuta mmoja mmoja, kila mmoja na ujuzi wake na tabia yake. Leo hilo limo kwenye filamu za wizi wa benki, za vita na za mashujaa wenye nguvu za ajabu.

Kilichoachwa na wengi ni hesabu. Wanachukua namba saba, lakini bei ya chakula na karatasi ya viduara hawaichukui, na vita vyao vinakuwa kelele: hujui wamebaki wangapi wala mlango upi uko wazi.

17. The Magnificent Seven ni filamu hii hii?

Ni toleo la Kimarekani la 1960, la John Sturges, likiwa na Yul Brynner na Steve McQueen. Kijiji kimehamishiwa Mexico na panga zimekuwa bastola. Saba wanakwenda, watatu wanabaki, kama ilivyo kwa Kurosawa. Kinachopotea ni tabaka: wale ni wapiga bastola wa kukodiwa, hivyo uadui wa zamani kati ya mkulima na samurai, ambao ndio ugonjwa wa Kikuchiyo, unabaki kivuli tu. Toleo jingine lilitoka 2016 likiongozwa na Antoine Fuqua. Mkanganyiko unaongezwa na jambo moja: ilipofika Marekani 1956 ikiwa imekatwa, Samurai Saba yenyewe ilipewa jina hilohilo.

18. Na Sholay?

Uhusiano upo. Sholay ya 1975, ya Ramesh Sippy, ina kijiji kinachoteswa na majambazi na wapiganaji wanaokodiwa kutoka nje. Saba wamekuwa wawili, na anayewaajiri ni afisa wa zamani wa polisi mwenye kisasi chake. Imechanganya Kurosawa, filamu za kauboi na sinema ya Kihindi yenyewe, na Gabbar Singh, mkuu wa majambazi wake, hana mfano Japani: majambazi wa Kurosawa karibu hawana majina. Afrika Mashariki, ambako filamu za Kihindi zina watazamaji wa vizazi, ni rahisi kukuta mtu anayemjua Gabbar kwa sauti na hajawahi kusikia jina Kambei.

19. Nimesikia Kurosawa alimshtaki mtu kwa kuiga. Ni kuhusu filamu hii?

Hapana. Hiyo ni Yojimbo ya 1961, iliyogeuzwa na Sergio Leone kuwa A Fistful of Dollars ya 1964 bila ruhusa. Waliomalizana kwa malipo ni hao. Vivyo hivyo, filamu ya Kurosawa inayotajwa kwa Star Wars ni The Hidden Fortress ya 1958. Athari ya Samurai Saba utaikuta kwenye A Bug's Life ya 1998, ambako wakulima ni sisimizi na wanaowakomba chakula ni panzi.

20. Ina tuzo gani?

Simba wa Fedha wa tamasha la filamu la Venice, 1954, na kuteuliwa mara mbili Oscar, kwa mandhari na mavazi. Mwaka 2018 BBC iliwauliza wahakiki 209 wa nchi 43 kuhusu filamu bora zisizo za Kiingereza, ikashika namba moja.

## Kuitazama na kuionyesha

21. Nitajuaje nakala yangu ni kamili?

Angalia dakika. 207 ni kamili. Karibu 199 pia ni kamili: ni nakala ya mfumo wa runinga uitwao PAL, inayokwenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo sauti iko juu kidogo. Ikiwa chini ya 165 imekatwa.

22. Picha ni kama mraba, nina runinga pana. Niivute?

Usiivute. Umbo lake ni 1.37 kwa 1, kwa hiyo mikanda myeusi kushoto na kulia ni haki yake. Ukivuta, watu wananenepa. Ukikuza, unakata vichwa. Zima pia ule ulainishaji wa mwendo wa runinga za kisasa. Kama picha ina rangi ya kijani au bluu, shusha rangi hadi sifuri.

23. Maandishi ya chini yanatangulia au kuchelewa. Nifanyeje?

Kwanza pima tatizo ni la aina gani. Kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC ya kompyuta bonyeza G au H hadi yakae sawa. Kama yanaanza sawa na kuachana kadiri muda unavyokwenda, hadi kama dakika mbili na nusu kwa saa, faili limetoka kwenye nakala ya PAL au kinyume chake (swali la 21). Hapo G na H hazitasaidia. Lifungue kwenye programu ya Subtitle Edit, badili kasi ya fremu, hifadhi upya.

24. Nataka kuandika maandishi ya chini ya Kiswahili. Ushauri?

Mistari miwili, isizidi herufi 42 kila mmoja, na kila kipande kikae angalau sekunde moja. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo punguza maneno, usipunguze muda wa kusoma. Hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8.

Kwenye lugha, tofautisha watu. Kambei aseme kwa ufupi na kwa heshima. Kikuchiyo apayuke. Katsushiro amwite Kambei «Mwalimu», kwa sababu ameomba kuwa mwanafunzi wake, na kiongozi wa kijiji aitwe «Mzee» au «Babu». Chakula cha wakulima kiite uwele au ulezi. Ukiandika «nafaka» tu, onyesho la bakuli limekufa.

Kwa wanaosimulia kwa sauti juu ya filamu: Kyuzo anapokaa kimya, nanyi nyamazeni.

25. Naweza kuionyesha bandani kwangu kwa kiingilio?

Si bila ruhusa. Kutokuwa na rangi hakuifanyi iwe huru. Kurosawa alifariki 1998 na haki za filamu ziko kwa Toho. Kununua diski kunakupa haki ya kutazama nyumbani tu.

26. Nina simu tatu. Naweza kujaribu mtindo wa swali la 12?

Unaweza. Weka zote kasi moja ya fremu, 24 au 25, na ukubwa mmoja wa picha. Funga fokasi na mwanga kwenye kila simu, la sivyo kila moja itang'aa kivyake na mikato itaonekana. Zote zikae upande mmoja wa tukio. Moja ikivuka, anayekimbia kulia ataonekana anakimbia kushoto. Washa zote, piga kofi moja mbele yao, kisha anza. Kofi hilo ndilo utakalolipatanisha kwenye uhariri.

Kwa ile ya mbali tumia lenzi ya kukuza iliyo kwenye simu yenyewe, kama ipo. Kukuza kwa vidole kunachana picha tu. Mgandamano wa swali la 13 utabaki, kwa kuwa unatokana na umbali, lakini ubora wa picha utapotea. Kama haina lenzi hiyo, isogeze pembeni karibu na ardhi, uiache ipige miguu.